Kuosha si Kuogesha

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na marehemu mume wangu anisamehe huko aliko. Mama yako kanambia umeshatuma maombi chuoni kwa hiyo simu yako, unataka kusomea uhudumu wa wagonjwa, na wiki ijayo mmeitwa kwenye usaili. Nimefurahi sana. Ningekupigia kigelegele mtaa mzima usikie, ila kifua changu cha siku hizi hakitaki masihara. Basi kaa hapa nikusimulie usaili wangu mimi. Hayo ya kujaza na kubofya utafundishwa na wenzako. Hili langu halimo kwenye simu.

Mimi nimelelewa na shangazi yangu, Bi Mwanakombo, pale Ngamiani, na shangazi alikuwa mwosha. Akifa mwanamke yeyote kwenye barabara zetu zile, huitwa yeye kwanza, kabla hata sanda haijanunuliwa. Nami nilipokua mwari akaanza kunichukua. Nilibeba maji, nilishika shuka la sitara, nikajifunza kumgeuza mtu mzima bila kumtikisa na bila kuacha sehemu yake yoyote wazi. Shangazi alikuwa mkali wa adabu za kazi ile. Mwosha hapigi soga. Mwosha haulizi. Alichokiona chini ya shuka hakitoki nje na yeye. Nilizishika adabu hizo mpaka zikaniingia mwilini.

Ukiniuliza kwa nini basi nilitaka chuo, nitakwambia bila kuficha. Nilichoka kufika wakati mtu keshaondoka. Kila nyumba niliyoingia na ndoo yangu, watu walikuwa wanalia, na mwenyewe aliyelala pale sikuwa na la kumsaidia tena ila kumsitiri. Nikatamani na mimi siku moja niingie nyumba ambayo mtu angali anapumua. Baba yangu hakuelewa. Alisema jambo moja tu, na baba akisema, limepita: nijaribu chuo mara hii, nikikosa nakwenda Pongwe kwa mjomba nikauze duka la dagaa na mafuta ya taa. Mjomba alikuwa mtu mwema na dagaa si haramu, lakini kila nikiliwaza lile duka nilihisi kama nafungiwa mlango. Kwa hiyo ule usaili ndio uliokuwa roho yangu.

Chuo chenyewe kilikuwa upande wa Raskazone, siku hizi hakipo. Asubuhi tuliulizwa maswali, na maswali nikayajibu vizuri, maana mdomo haukuwa tatizo langu hata siku moja. Baadaye mwalimu aliyekuwa akitusimamia, Mwalimu Mhando, mama wa Kibondei mwembamba, mwenye maneno ya kupima, akatupeleka nyumba ya jirani walimokuwa wakitunzwa wazee wagonjwa. Kila mmoja wetu akapewa mgonjwa wake amwogeshe kitandani. Hatukuwa tumefundishwa bado, wala hawakutarajia tujue. Walitaka waone tu nani ana mikono na nani anakimbia.

Wenzangu wakaanza kutazamana. Mmoja alishika beseni kama kashika nyoka. Mimi nikakunja mikono ya gauni, nikacheka kimoyomoyo. Kumgeuza mtu mzima? Kumsitiri? Kazi hiyo nimeifanya tangu sijaota magego ya mwisho. Nikajiona nimeshapita, na yule mjomba wa Pongwe atafute mtu mwingine. Sisemi nilikosea kujiamini, la. Mikono yangu ilikuwa mizuri kweli. Lakini wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi ulimi wangu ulikuwa unanisubiri palepale kitandani.

Mgonjwa wangu aliitwa Bi Mize. Alikuwa mzee wa Kimtang'ata, kiharusi kilikuwa kimeuchukua upande wake wa kushoto wote, lakini mdomo kilimwachia, tena wote. Nikamwamkia kwa adabu, "Shikamoo, bibi." Akaitika marahaba. Kisha mimi, kwa sauti ya upole ileile niliyofundishwa nyumbani kwetu, nikamwambia, "Nimekuja kukuosha."

Unanitazama. Umeshalisikia, sivyo? Kwetu pwani mtoto anaogeshwa, mgonjwa anaogeshwa, hata bibi harusi anaogeshwa. Anayeoshwa, mwanangu, ni maiti. Nami lile neno nililisema nyumbani kila siku, sikulisikia hata lilivyotoka. Nikaendelea na kazi. Nikamtandikia shuka la sitara, nikaanza upande wa kulia, kimya kabisa, macho chini, kama vile Bi Mwanakombo mwenyewe yuko nyuma yangu anakagua.

Bi Mize akafumba macho. Midomo ikaanza kucheza, na mara namsikia anatoa shahada, taratibu, neno baada ya neno. Bibi wa kitanda cha pili akajiinua kwa kiwiko akauliza, "Bi Mize kaondoka?" Na wa kitanda cha tatu, ambaye alikuwa hasikii vizuri ila lililompata lilimtosha, akaanza kusema inna lillahi. Lo! Chumba kizima kikawa msiba. Mimi nimesimama na kitambaa kinachuruzika maji, sijui nimefanya nini.

Hapo Bi Mize akafumbua jicho moja.

"Mwanangu," akasema, "mie bado. Maiti ndiye asiyeulizwa sanda. Mie mzima, na wewe hujaniuliza hata kama nataka maji."

Mwanangu, niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto. Si kwa lile neno peke yake. Neno mtu huteleza, na kuteleza si kuanguka. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli tupu. Nilikuwa nimemvua, nimemsitiri, nimeanza kumlowesha, yote kwa ufundi, na sikumuuliza jambo hata moja. Nilikuwa nimemwendea kama nilivyowaendea wote niliowajua mimi, wale wasiojibu. Nami ndiye niliyekuwa nikijigamba kwamba nataka nimkute mtu angali hai.

Mwalimu Mhando alikuwa mlangoni, kaona yote. Akaniita nje barazani. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akanambia mikono yangu ameipenda, lakini mhudumu anayekataliwa na wagonjwa hamfai. Nirudi ndani. Bi Mize akinikubali, nami chuo nimekipata. Akinikataa, niende nyumbani salama. Nami kichwani naliona lile duka la Pongwe, na gunia la dagaa mlangoni.

Nikarudi. Safari hii nikasimama pale anaponiona kwa jicho zuri, nikamtaka radhi. Akaniuliza mtoto wa nani, nikamtajia baba, nikamtajia na shangazi. Aliposikia Bi Mwanakombo alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe ndo mana! Watu wa nyumba ile mtajulia wapi kuogesha!" Akawaeleza na wenzake, wakacheka wote, wale waliokuwa wameshanililia msiba. Nikacheka na mimi. Nilipocheka moyo ukatua, nikamuuliza kwa kituo: bibi, unataka maji ya moto au ya vuguvugu? Nianzie wapi? Kuna mahali panauma nisipaguse?

Naye akanijibu, "Leo sitaki kuoga. Nataka kusukwa."

Sasa hebu jiweke mahali pangu. Nimetumwa kuogesha. Mwalimu anasubiri kuona mgonjwa kaoga. Maji yanapoa kwenye beseni, muda wenyewe unakwenda, wenzangu kule wanakamua vitambaa. Nikimlazimisha Bi Mize, nimefanya nilichoagizwa. Nikimsuka, beseni litabaki na maji yake na mimi nitaonekana mtu aliyeshindwa kazi. Nilitamani kumlazimisha, sikufichi. Kisha nikajiambia: umemuuliza, kakujibu. Ukiuliza halafu usisikie, bora usingeuliza. Nikaliweka beseni chini ya kitanda, nikaomba kitana.

Nywele zake zilikuwa za mvi, laini, zimejisokota kwa kulalia upande mmoja. Hakuna aliyezigusa tangu augue, maana wote waliokuja walikuja kwa maradhi yake. Nikazichambua polepole kwa mafuta ya nazi. Nikamuuliza anataka mtindo gani.

"Wowote," akasema, "isipokuwa twende kilioni. Hiyo kwa leo umeshanisuka."

Nilicheka mpaka machozi. Nikamsuka mistari ya kwenda nyuma, hiyohiyo watu wanayoiita twende kilioni, mwanangu, kwa sababu ndiyo pekee niliyoiweza. Ila niliipindisha kidogo kwa ubavuni nikamwambia hii ina jina lingine. Alijua. Mkono wake mzima ukawa unapapasa kila mstari ninaoumaliza, na katikati ya kusuka akanambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mgongoni kuna mahali panamuuma na hajamwambia mtu, maana kila mtu ana haraka. Nikatazama. Kidonda cha kulalia kilikuwa kinaanza. Ningemwogesha kwa ubabe ningekiona, ndiyo, lakini angekuwa keshaumia chini ya mikono yangu.

Mwalimu Mhando akaingia kukagua. Akaliona beseni chini ya kitanda, maji yameshapoa. Akaniuliza mbona mgonjwa hajaoga. Nikamwambia hakutaka, ametaka kusukwa, na mgongoni ana kidonda kinaanza. Akainama akautazama ule mgongo, sijui ananipa au ananinyima. Nilitamani kujitetea, nikajizuia.

Bi Mize ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya kusikika hata na yule kiziwi. "Huyu ataniogesha kesho."

Mwalimu akaandika kitu, akanambia kesho nisichelewe. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka Ngamiani, sikuona hata nimepita wapi.

Na kweli kesho yake nilimwogesha. Maji ya vuguvugu, kuanzia miguuni, ndivyo alivyopenda. Nikamwogesha muda wote wa masomo yangu, kila zamu iliyonikuta pale, na kila siku nilimuuliza upya, kwa sababu mtu hubadilika. Kuna siku alitaka maji ya moto, kuna siku alitaka kuachwa. Kidonda kile kilipona. Kisha ikaja asubuhi niliyoingia na beseni langu, nikamwambia kama kawaida, "Bi Mize, maji vuguvugu?" Kimya. Nikamuuliza tena. Hapo ndipo nilipojua, mwanangu. Mimi niliyeosha wanawake sijui wangapi mkononi mwa shangazi, sikuwahi kumlilia hata mmoja. Siku hiyo nililia, kwa sababu nilizoea kujibiwa.

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo. Nikikuacha uichimbue mwenyewe nitakuwa nakutesa, kwa hiyo naisema waziwazi. Kazi unayoiomba watu wataidharau. Watasema ni ya kufuta na kubeba mabeseni. Waache. Hujafa hujaumbika, na wanaosema hivyo ipo siku watalala mahali wamngoje mtu wa kuwageuza, na watamtambua anayewaheshimu hata kabla hajawagusa. Mikono utafundishwa: mapigo ya moyo, joto, namna ya kumketisha mtu bila kujivunja mgongo. Vyote vinafundishika. Kuuliza ndiko kunakotoka kwako. Muulize mgonjwa, kisha subiri jibu. Hata asiyeweza kusema, muulize, umtazame macho na mkono. Na akikataa, usikasirike. Kukataa ni dalili kwamba bado ana mamlaka ya mwili wake, na wewe umekwenda pale kumlindia hayo mamlaka, hukuenda kumpokonya.

Siku hizi nasikia mnapewa sanamu la plastiki mlihudumie mbele ya walimu. Lisemeshe. Liamkie, liambie unataka kufanya nini, liulize kama liko tayari. Wenzako watacheka. Wacheke. Sanamu halisikii, lakini mwalimu anasikia. Na wakikuuliza kwa nini unataka kazi hii, usiwapambie maneno ya wito na huruma yaliyonakiliwa kwa mtu. Wambie sababu yako mwenyewe, hata iwe ndogo, hata iwe ya ajabu. Yangu ilikuwa ya ajabu na ilinifikisha hapa.

Utapita. Sikwambii kukupoza, nakwambia kwa kuwa nilikuona ulivyomlisha uji babu yako mwezi wa Ramadhani uliopita alipokuwa hoi, ulivyokuwa ukingoja ameze ndipo ujaze kijiko kingine. Hakuna aliyekufundisha.

Nenda, mwanangu. Mola akufungulie mlango huo, akutie nguvu za mgongo na uwazi wa masikio. Akupe subira mbele ya wakali, akuepushe na haraka mbele ya wapole, maana hao hawasemi wanapoumia. Kila utakayemgeuza ubavu asubuhi, akuombee dua kabla hujatoka mlangoni, na dua yake ifike. Amina.