Mfupa wa Kiuno cha Mbuzi

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu hasira yake bado ninayo. Ulikuwa hujaota hata jino. Baba yako alikuwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Shangazi yako akaona mfupa wa mbuzi juu ya paa bapa la tembe yetu hapa Ilongero, akaupeleka kwa wazee. Ulikuwa wa kiunoni, una matundu mawili mawili yaliyopangana. Mtoto wa jirani alikuwa amelegea miguu wiki hiyo. Basi shangazi akasema nimeutoboa kwa msumari ili nimroge.

Ulikuwa mfupa wa supu yangu ya uzazi. Niliuchemsha mzima, kisha nikauweka juu mbwa wasiufikie.

Wazee hawakunisikiliza. Hata sasa, ingawa Mwingereza anatawala, kesi za uchawi hawazipeleki bomani, wanazimaliza wenyewe. Wakaamua baba yangu alete mbuzi wa faini, wamle, kisha nirudishwe kwetu. Wewe ubaki. Shangazi akakufungua mgongoni mwangu, akakushika yeye.

Baba akaleta beberu. Alipochunwa nikasema, "Wazee, kiuno msikikate kwa shoka. Nipeni kizima."

"Binti wa sekondari ana njaa," mmoja akatania.

Nikakwangua nyama kwa kisu mbele yao. Matundu yakatokea, mawili mawili, na katika kila tundu umepita uzi mweupe. Shuleni tulifundishwa: mfupa huzaliwa na matundu yake, humo hupita mishipa ya fahamu na ya damu. Hatuyaoni kwa sababu tunaukatakata kabla ya kuupika.

Nikamgeukia babu yako, mkubwa wa wazee hao. "Na huyu beberu, baba mkwe, nimemtoboa saa ngapi? Ngozi mmemvua nyinyi."

Akashika mfupa huu na ule wa paani, akavigusisha vidole matunduni.

"Mpe mtoto wake," akamwambia shangazi yako.

Shangazi yako hajaniomba radhi mpaka leo, na sikuingoja. Nilikufunga mgongoni nikapita katikati yao, kichwa juu.

Mwanangu, ukishtakiwa usianze kwa kulia. Dai kitu chenyewe kiletwe mbele ya watu, kifunuliwe, kila mmoja akiguse. Akishtakiwa mwenzako, tazama kwanza, usikimbilie kumpokonya mtoto. Na shule utakwenda, wapende wasipende. Mungu akupe macho makali na mgongo usioinama, na wanao walale mgongoni mwako bila kufunguliwa na mtu.