Mwanajeshi alivyotembea chini ya ziwa langu

Leo walikuja kunikamata kwa sababu ya mulima.

Si mulima wa kweli. Ni ule wa ndani ya ordinateri yangu, kwenye programu ninayoandika ili ichore picha zinazotembea.

Asubuhi responsable, kiongozi wa mtaa wetu, aliingia na mwanajeshi mumoja. Hata salamu hawakumaliza.

"Tumesikia we unachora ramani ya mulima Rubavu," responsable akasema. "Unamuchorea nani?"

Munajua hali ya huku Gisenyi, mupakani na Goma, siku hizi: kila mutu anashukiwa ujasusi. Nikawasha mashine, mulima ukatokea, ukazunguka polepole na pembetatu zake za kijani.

"Si ramani, afande. Ni mchezo. Mi najifunza tu."

"Kama ni mchezo, nipeleke Goma," akasema mwanajeshi.

Bon, nikamuonyesha vitufe, akabonyeza mwenyewe. Akapenya mulima kama moshi, akatumbukia kwenye ziwa nililochora chini yake, akaendelea kutembea chini ya maji bila shida yoyote.

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Responsable, adui akifuata njia hii atakufa maji!"

Nikapumua. Nilidhani imeisha.

Walipofika mulangoni, responsable akageuka.

"Na ile ndege uliyoweka juu ya mulima, iko wapi?"

Ndege niliifuta jana. Hakuna mutu aliyeiona nyumbani kwangu. Picha yake niliituma hapa tu, kwenye grupu hii ya simu, kwenu nyinyi rafiki zangu.

Donc, nauliza bila kuzunguka: nani kati yenu anaongea na responsable?