Palizi ya Baba Kapseret

Mvua za mwaka jana zilipoanza, magugu yalishamiri kwenye shamba la baba kule Kapseret kuliko vitunguu vyenyewe. Kitunguu hakina majani mapana ya kujikinga. Ukichelewesha palizi, kimekwisha. Kwa hiyo kila Jumamosi nilipanda boda kutoka Pioneer, mtaa ninaoishi, nikamsaidie. Mama alishafariki, na baba hakutaka vibarua. Alisema wanakanyaga mizizi.

Jumamosi moja nilimkuta amepiga magoti katikati ya tuta. Nilimsalimia, nikainama nyuma yake nianze kazi. Ndipo nikaona. Rundo alilokuwa ameacha pembeni lilijaa vitunguu vichanga. Kwenye tuta, ndago, magugu yenye viazi vidogo ardhini, zilisimama wima, hazijaguswa. Ndago ikiwa changa hufanana kweli na kitunguu, lakini baba amelima vitunguu tangu kabla sijazaliwa.

"Baba, umeng'oa vitunguu."

Aliokota kimoja kwenye rundo. Kisha akakata jani moja kwa kucha, akalinusa. Akakata lingine, akalinusa. Hapo nikaelewa: alikuwa akipalilia kwa pua, na siku hiyo mafua yalikuwa yameiziba.

"Tangu lini huoni?"

"Naona. Kuna ukungu tu."

"Ukungu gani, na jua limewaka?"

Sikuweza kutulia. Nilirudishia vitunguu vichache ardhini, nikaviacha, nikaenda hadi kwenye lango, nikarudi. Nilimpigia dada yangu, simu yake ikawa imezimwa. Nilianza kung'oa ndago kwa pupa, zikikatika juu na kuacha viazi vyake chini.

"Keti, mama," baba alisema. "Unanimalizia shamba."

"Siketi. Wiki ijayo tunaenda hospitali."

"Palizi ikiisha."

"Palizi haiishi, baba! Ukiyang'oa magugu leo, mvua ikinyesha yanarudi."

Sijawahi kumpigia kelele hivyo. Aliinuka, akajifuta magoti, akaingia ndani akipapasa ukuta.

Alikubali kwenda. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, ila foleni ya upasuaji ilikuwa ndefu. Wiki zile za kungoja, kazini nilikuwa nikichungulia simu kila mara, na jioni nakimbilia Kapseret kupalilia kabla giza halijaingia. Baba alikaa kwenye kigoda kando ya shamba akiniuliza kama tuta la juu limeisha. Nilijibu ndiyo hata kabla sijafika huko.

Bandeji ilipotolewa, hakutaka hata chai. Alienda moja kwa moja shambani.

"Nani amepalilia hapa?"

"Mimi."

"Umeacha ndago nusu."

Alichutama, akachimbua moja na kiazi chake. Halafu akageuka kunitazama, akanitazama sana.

"Umeota mvi," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

Vitunguu vya msimu ule vilitoka haba, vidogo vidogo. Baba alivianika barazani mwenyewe, akivichagua kimoja kimoja, na kila nilipopita aliinua macho.