Picha Iliyokataa Kuoshwa

Mama alinitumia ujumbe asubuhi nikiwa dukani: "Picha imekataa kuoshwa. Njoo."

Nilisoma mara tatu bila kuelewa, nikapiga simu. Huwa napiga nikisahau, maana mama haongei tena kwa simu. Alipasuliwa tezi shingoni miaka minne iliyopita, na tangu hapo sauti yake ni mnong'ono tu, mnong'ono ambao simu haiushiki. Aliipokea, nikasikia kuku, nikasikia pumzi yake, akakata. Ujumbe wa pili ukaingia: "Ile ya CD. Ya kwaya."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikacheka hadi mwalimu aliyekuwa ameniletea laptopu ya kutengeneza kutoka shule moja ya Kaaga akaniuliza kama niko sawa.

Kosa lilikuwa langu. Zamani, nikiwa mwanafunzi wa kompyuta hapa Meru, niliichukua CD ya kwaya ya mama kabla haijachakaa, nikaihifadhi nzima nzima kwenye kompyuta, nyimbo zote na hata kimya kilicho kati ya nyimbo. Diski ikihifadhiwa hivyo, sisi mafundi tunasema tumechukua picha ya diski. Nikamwambia mama kwa madaha ya msomi mpya, "Mami, hata CD ikivunjika usijali, picha yake ninayo." Baadaye nikaitia kwenye flashi nikampa. Akaifunga kwenye leso na kuiweka kabatini pamoja na cheti cha ndoa.

Sasa, kwetu Runyenjes, picha ikiwa kwenye flashi inapelekwa kwa mtu wa studio akaioshe. Bado tunasema kuosha, ingawa siku hizi hakuna maji wala dawa, ni mashine tu inayotema karatasi. Kwa hiyo mama alivaa sweta lake jema, akaipeleka picha ikaoshwe.

Haikuwa safari ya mchezo. Kanisa jipya lingefunguliwa Jumapili ya wiki iliyofuata, na kina mama wa kwaya walikuwa wamekata shauri kuimba wimbo ambao mama aliutunga mwenyewe, kwa Kiembu, enzi zile alipokuwa mwanzishaji. Mwanzishaji hutoa mstari, wengine wakaitikia. Kuitikia walikumbuka wote. Sehemu ya mama ndiyo iliyokuwa imepotea. Maneno angeweza kuyaandika, lakini tuni yenyewe, vile alivyokuwa akiipandisha na kuivunja mwishoni, haiandikiki kwenye daftari, na mnong'ono hauna juu wala chini. Nazo zile CD zilikuwa zimekwisha. Ya mama ilikwaruzika hadi ikawa haishiki. Moja tuliyoijua iliko ilikuwa Siakago kwa shangazi, ikining'inia juu ya mtama kufukuza ndege. Kompyuta yangu ya uanafunzi nayo ilikufa zamani, ikabaki ile picha kwenye flashi. Isipofunguka, sauti ya mama haiko tena popote.

Kesho yake nilifunga duka nikaenda. Kabla hata ya kufika nyumbani nilipitia studio, kwa sababu mimi ni mtu wa kuwaka kwanza halafu kuuliza. Nilikuta flashi bado iko mezani kwa mwenye studio, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilipoichomeka kwenye kompyuta yangu nikaona faili letu limebadilishwa mkia wa jina: palipokuwa pameandikwa bin, sasa paliandikwa jpg.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi, madam," alisema. "Mama alisema ni picha. Nikaona haifunguki, nikaiita jpg nione kama itakubali."

"Kwani mbuzi ukimwita ng'ombe atatoa maziwa ya ng'ombe?"

"Sasa mimi ningejua aje? Alisema ni picha."

Nikarudisha jina la zamani. Hapo nikagundua jambo lililonitia jasho. Picha ya CD ya nyimbo huwa ni mafaili mawili. Moja ni kubwa, lina sauti yote mfululizo. La pili ni dogo kabisa, maandishi machache tu yanayosema wimbo wa kwanza unaanzia wapi, wa pili wapi, hadi mwisho. Kubwa lilikuwepo. Dogo halikuwepo.

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwita mharibifu. Yeye alisema tu, "Madam, hii flashi ilikuja na kitu moja. Mimi sijatoa kitu," na akaendelea kumkatia mteja picha za pasipoti.

Nyumbani mama alinipa kithere, yale mahindi na maharagwe yetu, na chai, akakaa mkabala nami na kutazama kioo cha kompyuta kama anayetazama sufuria isifurike. Nilikuwa na hakika ya kumaliza kabla ya chai kupoa. Nilitaka kuligeuza lile faili kubwa kuwa iso, muundo ambao karibu kila kompyuta inaukubali. Programu ikazunguka, ikaandika kwamba imekamilika. Nikafungua. Tupu. Nikarudia, imekamilika, tupu. Mara ya tatu nikaitukana ile programu kwa lugha tatu, na mabega ya mama yakaanza kutikisika. Ndivyo anavyocheka siku hizi, mabega tu.

Ilinibidi nitoke nje, nizunguke shamba la kahawa la baba mara mbili, ndipo akili ikarudi. Iso ni ya diski zenye mafaili, vitu vyenye majina, vilivyopangwa kwenye mikoba, zile folda. CD ya nyimbo haina mafaili ndani yake. Ni sauti iliyomiminwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuitia kwenye iso ni kama kubebea uji kwenye kikapu cha kiondo. Darasani tulifundishwa hilo, na mimi nilipita mtihani wake vizuri sana.

Na nikiwa huko huko kwenye kahawa nikakumbuka jambo jingine, nikasimama. Siku ile ya kumwekea mama flashi, nilikuwa nimefanya usafi kwenye kompyuta. Nilifuta kila faili dogo nisilolijua. Nilikuwa nafuta kwa fujo, nikijivunia nafasi ninayopata. Faili la maandishi machache lingeponea wapi? Nyani haoni kundule.

Nilipomweleza mama, alichukua daftari lake la kuongelea, akaandika: "Nenda ukaombe msamaha." Nikasema nitaenda kesho. Akachukua kalamu tena, akapigia neno "nenda" mistari miwili chini.

Kama angekuwa na sauti angenigombeza, na ningebishana naye, na tungemaliza. Lakini mtu huwezi kubishana na daftari. Nilimpelekea yule bwana maparachichi manane kwenye mfuko, nikasema nilikosea na nikamweleza kosa lenyewe. Aliyapokea, akayabonyeza moja moja kuona lililoiva.

"Hiyo faili ndogo ilikuwa na nini ndani?" aliuliza.

"Maandishi tu. Wimbo huu unaanzia dakika fulani, huu dakika fulani."

"Si basi uandike ingine."

"Nitajuaje zinapoanzia? Ni sauti mfululizo, kwaya yenyewe kila mara inanyamaza na kuanza."

Alinitazama juu ya miwani yake. "Na si mama ndiye alikuwa anaanzisha?"

Mtu niliyemwita mharibifu asubuhi alikuwa amemaliza kazi yangu kabla ya saa kumi.

Siku iliyofuata, Jumamosi mchana, sebule ya mama ilijaa. Kina mama sita wa kwaya walikuja, kila mmoja na kitu chake, huyu ndizi, huyu chupa ya chai, huyu mto wa kukalia kwa sababu ya mgongo. Mama alikaa katikati, amefunga kitambaa kipya kichwani. Niliacha habari ya kugeuza, nikalifungua lile faili kubwa kama sauti ghafi, yaani nikaiambia kompyuta isitafute majina wala mikoba, isome tu kilichomo. Sauti ya namna hiyo lazima uiambie kompyuta inavyosomwa, na mara ya kwanza nilikosea. Kwaya ikatoka pole pole, nzito, na sauti ya mwanzishaji ikasikika kama ya mzee wa kanisa aliyeshiba.

"Uuui! Huyo ni nani?" mmoja aliuliza.

"Ni yeye!" mwingine akasema, akimwonyesha mama. "Wewe, ulikuwa mwanamume na hukutuambia?"

Wakacheka hadi chai ikamwagika. Nilirekebisha, nikabonyeza tena.

Sijui niseme vipi kuhusu sauti iliyotoka. Ilikuwa ya juu na safi, na iliingia sebuleni kana kwamba ni mtu ameingia. Sikuwa nimeisikia kwa miaka minne. Nilidhani naikumbuka, kumbe nilichokuwa nakumbuka ni habari zake tu. Mama alikuwa amefumba macho, midomo yake ikienda na maneno.

Tukaanza kazi. Nilimpa mama mwiko na kumwambia agonge meza kila wimbo unapoanza. Hakukosea hata mmoja. Alikuwa anagonga kabla ya sauti, pale pale kwenye pumzi, kwa sababu aliijua pumzi yake mwenyewe ilivyokuwa ikiingia. Mimi naandika: dakika, sekunde, na kipande cha sekunde, maana kwenye CD kila sekunde imegawanywa vipande sabini na vitano. Yeye kwa mwiko wa kupikia ugali alikuwa akilenga karibu na kipande chenyewe. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano.

Baada ya wa tano kikaja kimya. Nikanyoosha mkono niruke mbele, kama tulivyokuwa tukifanya tangu utotoni. Redio ikifika hapo, mama hakuwa akikiacha kimya hicho kipite hata mara moja. Alikuwa anabonyeza kitufe, tunaingia moja kwa moja kwenye wimbo wake. Nilidhani ni kwa kuupenda.

Safari hii mama alinishika mkono.

Kikasikika kiti kikiburutwa. Kisha sauti ya mama, si ya kuimba, kwa Kiembu, kali kama pilipili: "Wewe! Toa mkono kwenye hiyo waya! Nikija hapo utanijua!" Kimya kidogo. Pumzi ikaingia. Na wimbo wake ukaanza, mtamu, kana kwamba hakuna aliyegombezwa.

Nilikuwa darasa la tatu. Nilikumbuka kila kitu mara moja: kanisa la zamani la mabati, fundi wa kurekodi na mashine yake yenye taa nyekundu, na mimi nimejipenyeza chini ya meza nikitaka kujua waya ule mweusi unakwenda wapi. Sikukumbuka kugombezwa. Nilikuwa nagombezwa kila siku, ningekumbuka kwa nini?

Kina mama waliangua kicheko. Mmoja alipiga kofi akasema, "Na hajaacha! Mpaka leo bado anashika waya, sasa analipwa!" Mimi nilicheka nao, halafu nikajikuta nalia mbele ya wageni, kamasi na yote. Mnong'ono haugombezi. Miaka minne mama amekuwa akinionya kwa kalamu, na mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko wote ukoo mzima, nilikuwa nimekosa wa kunifokea.

Mama alivuta daftari. Aliandika kwamba alikuwa akiona aibu, mwanzishaji wa kwaya kugombeza mtoto kanisani, na fundi akakataa kukikata kipande hicho kwa sababu alikuwa amechoka. Ndiyo maana alikuwa anakiruka. Kisha akaliacha daftari, akaniinamia sikioni.

"Hiyo nayo," alinong'ona, "ipe namba yake."

Nikaandika lile faili dogo upya, mstari kwa mstari. Nyimbo zilikuwa kumi na moja, lakini faili langu lina kumi na mbili. Programu ile ile niliyoitukana ililipokea bila neno, ikatoa CD safi, na nakala za kuingia kwenye simu za kina mama. Binti mmoja wa kwaya alijifunza tuni kwa wiki nzima, na Jumapili akaianzisha mbele ya kanisa jipya lililojaa hadi nje. Mama alisimama mstari wa nyuma kati ya waitikiaji, mdomo wazi, akiitikia kwa nguvu zake zote. Mtu wa studio alikuwepo na kamera yake, akampiga picha. Hiyo ilikubali kuoshwa, iko ukutani.

Namba sita ni sekunde tisa tu. Mama anayo kwenye simu yake, na amejifunza kuipata bila miwani. Siku hizi nikienda nyumbani na nikaanza kuwaka kwa jambo fulani, hatafuti tena daftari. Anatoa simu mfukoni, anabonyeza, sebule nzima inasikia. Nami, mtu mzima mwenye duka langu Meru, natoa mkono kwenye waya.