Pua Yangu Haijafa

Siku mdogo wangu alipogundua kwamba sisikii harufu, nilikuwa nakula chapati. Chemba ya maji machafu ilikuwa imefumuka mbele ya duka letu, katikati ya masika, na maji meusi yalitiririka kuelekea kwa jirani yetu muuza mabeseni. Wapita njia walikuwa wameziba pua kwa khanga, kwa fulana, kwa viganja. Wabeba mizigo walivuka kwa kurukaruka huku wakitukana. Mimi nimekaa kwenye kigoda changu mlangoni, chapati mkono huu, kikombe cha chai mkono ule, natafuna taratibu. Mdogo wangu akatoka ndani na kitambaa puani. Akanitazama, akaitazama chemba, akanitazama tena.

"Dada, wewe husikii?"

Nikamwambia nasikia, nimezoea tu. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu ya kudanganya.

Nieleze kwa nini nilidanganya. Duka letu liko Kariakoo, ubavuni mwa soko, na tulilifungua sisi wawili. Yeye ananunua magunia na kuuza. Mimi nachanganya: masala ya chai, masala ya pilau, bizari ya mchuzi. Nilipoanza kazi hii watu walinicheka waziwazi. Walisema masala ni kazi ya Wahindi, pua hiyo wanazaliwa nayo, iko kwenye damu, na mtu wa kutoka Lindi kama mimi akauze korosho. Nikawaambia sawa, nitauza na korosho. Halafu nikachanganya miaka kumi na tisa, mpaka Wahindi wenyewe wakawa wanatoka Upanga kuja kununua kwangu. Kila gunia linaloingia dukani nilikuwa nalifungua, nainamisha kichwa, navuta pumzi moja, nasema lipokelewe au lirudi. Sikuwa na kipimo kingine. Pua ndiyo ilikuwa cheo changu.

Kisha nikaumwa homa na mafua, siku kumi kitandani, na nilipoamka pua ilikuwa wazi kabisa, haina makamasi, haina kitu, na dunia nzima haina harufu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikarudi dukani, nikaendelea kuinamisha kichwa kwenye magunia na kuvuta pumzi kama kawaida, nikisema lipokelewe.

Siku mbili baada ya ile chemba, uongo wangu ukaisha. Alishuka kwenye bajaji bibi mmoja wa Upanga, mteja wangu wa zamani kuliko wote, Mhindi mwenye nywele nyeupe anayekuja kila mwezi na kopo lake mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaweka kopo juu ya kaunta kwa nguvu.

"Karafuu haikunishika ulimi," akasema. "Miaka yote masala yako inaniacha na ganzi kidogo hapa mbele. Hii imepita kama vumbi."

Nilichota karafuu kutoka kwenye gunia, nikaziminya kwa ukucha. Hazikutoa hata tone la mafuta. Zilikuwa karafuu zilizokwisha kukamuliwa, makapi, na mimi ndiye niliyezipokea. Kwa pua nzima ningezikataa kabla hazijashuka kwenye mkokoteni. Bibi alikuwa ananitazama usoni, na nadhani aliona.

"Mjukuu wangu anaoa mwezi wa saba," akasema. "Nataka kilo tano za masala ya chai kwa wageni. Nilitaka uchanganye wewe. Nitakuja wiki moja kabla nionje. Ikiwa hivi, nakwenda kwingine."

Alipoondoka, mdogo wangu akanikalisha nyuma ya duka. Si mtu mbaya. Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulioniudhi zaidi.

"Dada, tukubali. Pua imekufa. Wewe kaa kaunta, pumzika. Kuna jamaa anauza masala iliyosagwa tayari, tunaimimina kwenye mifuko yetu, basi. Watu wa siku hizi hawajui tofauti."

"Bibi amejua."

"Bibi ni mmoja."

"Pua yangu haijafa," nikamwambia. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na hasira tu, na nikaona hasira inatosha kuanzia.

Jumatatu iliyofuata mvua ilikesha, Jangwani pakajaa maji, barabara ikafungwa. Mimi sikwenda dukani na binti yangu hakwenda kazini, maana sote tunakaa Magomeni na njia yetu ni hiyo. Yeye yuko maabara ya hospitali. Analetewa vipande vya nyama kutoka kwa wagonjwa, anavikata vyembamba kuliko ganda la kitunguu, anavipaka rangi, na daktari anavisoma kwa hadubini. Tulikaa jikoni tunamenya viazi. Nikamuuliza swali ambalo daktari niliyemwona hakulijibu, maana aliniambia tu nisubiri.

"Hivi, pua inaweza kufa?"

Akafuta mikono. "Mama, daftari lako liko wapi?"

Nikamletea. Ni daftari la kawaida la shule, limejaa madoa ya manjano, na vipimo vyangu vyote vimo humo. Akalipekua.

"Huu ukurasa wa chai, huu wa pilau, huu wa mchuzi. Sasa chukulia kila seli ya mwili wako imepewa daftari hili zima, neno kwa neno. Seli ya kisigino inalo, ya ini inalo, ya pua inalo. Hizo ndizo jeni."

"Kama zote zina daftari moja, kwa nini kisigino hakinusi?"

"Kwa sababu hakisomi ukurasa huo. Seli inakuwa kile ilicho kwa kurasa inazozifungua na zile inazozifunga. Mimi naziona kila siku chini ya kioo. Ya ini haifanani kabisa na ya ngozi, na daftari lao ni moja."

Akaniambia kwamba pua ina mambo yake. Kurasa za kunusa ziko mamia, lakini kila seli ya kunusa inafungua mmoja tu, inazifunga nyingine zote, na inashikilia huohuo mpaka mwisho wake. Hakuna seli moja inayojua karafuu yote. Huitikia kundi zima, kila moja kwa ukurasa wake, na ubongo ndio unaosema hii ni karafuu.

"Sasa zangu zimekufa?"

"Baadhi, labda. Mara nyingi homa kama yako inashambulia seli za jirani, zile zinazolisha na kusafisha. Jirani zikiumia, seli za kunusa zinafunga kurasa zao. Zipo, lakini hazisomi. Halafu chini kabisa kuna seli mama, zinazaa seli changa za kunusa maisha yote. Seli changa inafunguafungua kurasa kadhaa, mwisho inabaki na mmoja."

"Kwa hiyo haizaliwi na ukurasa wake?"

"Hapana. Inatulia nao baadaye."

Niliweka kisu chini. Miaka kumi na tisa nimeambiwa kwamba pua iko kwenye damu ya watu fulani, kumbe hata seli yenyewe ya pua haizaliwi ikijua itanusa nini. Nilitamani kuwaita wote walionicheka waje jikoni kwangu, wasimame mstari, wasikilize.

Binti yangu ananijua. "Mama, usiigeuze hotuba. Seli haichagui kama wewe ulivyochagua kufanya masala."

"Nani kasema hotuba?" nikajibu, lakini nilikuwa nimeshaanza kuitunga.

Kisha akaniambia jambo lililonichekesha mpaka nikashika tumbo. Baadhi ya kurasa hizohizo za kunusa zimekutwa zimefunguliwa kwenye figo, na kwenye ngozi, na hata kwenye mbegu za kiume. Nikamuuliza kama figo langu sasa linanusa pilau. Akasema halinusi, linapokea dalili za kemikali kwenye damu na kufanya kazi yake, ukurasa ni uleule ila nyumba ni nyingine. Nikasema basi nina akiba, pua ikigoma nitatumia figo. Tulicheka, kisha nikalia kidogo, na yeye akaendelea kumenya viazi bila kuniangalia, jambo ambalo nilimshukuru.

Alinipa zoezi. Vitu vinne, kila asubuhi na kila jioni, unanusa kimoja kimoja bila haraka huku unakumbuka harufu yake ilivyokuwa. Hakuniahidi kitu. Nikachukua makopo manne: karafuu, iliki, mdalasini, ganda la limau. Sikufanya zoezi nyumbani kwa kujificha. Nilifanya mlangoni, kwenye kigoda changu, mbele ya mtaa mzima, nimefumba macho na kopo puani kama mtu anayesali. Kama ni kuchekwa, nilishachekwa na watu hodari zaidi.

"Mama Masala, mtandao umerudi?" muuza mabeseni alikuwa ananiuliza kila jioni.

"Bado natafuta mnara," nilimjibu.

Na sikukubali kukaa kaunta. Nilijifunza vipimo ambavyo pua ilinifanya nivipuuze. Nilivunja mdalasini nikasikiliza unavyolia. Nilikaanga pilipili manga nikiitegea sikio. Karafuu nilizimwaga kwenye bilauri ya maji: nzima inazama au inasimama wima, kichwa juu, na iliyokamuliwa inalala ubavu juu ya maji. Ni jambo dogo, la mtoto wa shule, na lingeniokoa aibu yote ile.

Mwezi wa sita likaja gunia jipya. Mdogo wangu akalifungua, akavuta pumzi kwa madaha, maana siku hizo yeye ndiye aliyekuwa pua ya duka.

"Hii kali, dada. Hii safi kabisa."

Nikachota konzi moja, nikamwaga kwenye bilauri. Karibu zote zililala. Yalikuwa makapi yaleyale, safari hii wameyanyunyizia mafuta ya karafuu kwa juu ili yanukie. Pua nzima ya mdogo wangu ilidanganywa, lakini bilauri ya maji haikudanganywa. Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kiungwana. Sikunyamaza. Nilimwambia mengi, na muuza mabeseni alikuja kusikiliza. Gunia likarudi lilikotoka, na habari ya masala ya mifuko haikutajwa tena siku hiyo.

Siku chache baadaye, asubuhi, niko na makopo yangu, nikafika kwenye la karafuu, na kitu kikanipiga usoni. Tairi linaloungua. Nilitaka kutapika. Nikanusa tena, tairi tena. Iliki na mdalasini hazikuwa na kitu, limau hakuna kitu, ila karafuu ilikuwa tairi. Nilimpigia binti yangu simu kwa furaha.

"Ni seli mpya hizo," akasema. "Nyaya zao bado hazijapata njia zao. Harufu inaweza kunyooka, inaweza kubaki hivyohivyo, mama."

"Ibaki," nikamwambia. "Tairi ndiyo karafuu yangu sasa. Nitajifunza."

Wiki moja kabla ya harusi, bibi wa Upanga akaja kama alivyosema. Nilikuwa nimechanganya usiku na mchana kichwani kabla ya kuchanganya mezani, na mezani nilifuata daftari mpaka gramu ya mwisho. Mdogo wangu alisimama nyuma yangu. Nilikuwa nimeamua kwamba sitamdanganya mtu tena, hata kama kilo tano zitaondoka na bajaji.

"Shikamoo, bibi. Kabla hujaonja, nikuambie. Mimi sisikii harufu tangu masika. Hii nimechanganya kwa mizani, kwa masikio na kwa maji. Kama unataka pua, maduka ni mengi. Kama unataka masala yangu, ndiyo hii."

Nilisikia mdogo wangu anavuta pumzi. Bibi alichukua konzi, akaipeleka puani muda mrefu, akaweka kidogo ulimini, akasubiri.

"Karafuu imeshika," akasema. Kisha akakunja uso. "Lakini iliki imepungua."

Mwanzoni mwa mwaka ningeomba radhi na kuongeza iliki. Nilimtazama machoni.

"Haijapungua. Ni ileile ya miaka yote. Nimeipima mara tatu."

"Mimi nakuambia imepungua. Hata nyumbani, iliki ya siku hizi haina—" Akanusa konzi yake tena, taratibu. Aliangalia kiganja chake kwa muda, na hapo nikakumbuka kwamba siku ile ya kopo hakulalamikia harufu hata kidogo. Alilalamikia ganzi ya ulimi.

"Basi ni mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mimi niliyepungua."

Mdogo wangu akaanza kusema kwamba tunaweza kuongeza tu, haina shida. Nikamnyamazisha kwa mkono. Nilikwenda mlangoni, nikarudi na kigoda cha pili, nikamkalisha bibi, nikampa kopo la iliki na mimi nikachukua la karafuu. Nikamwonyesha: fumba macho, vuta polepole, kumbuka ilivyokuwa. Asubuhi na jioni.

Tukanusa wote wawili, mtaa ukipita. Mimi nilipata tairi langu. Yeye hakusema amepata nini. Alikaa vile muda mrefu, kopo likiwa puani, halafu akafumbua macho na kuniuliza kesho nafungua saa ngapi.