Sauti iliyoapa kuhusu mahamri ya Mama Njoki

Wakuu, salaam huko mliko. Swali lililoninyima usingizi ni hili: nikimtetea jirani, je, nitamponza mamangu? Ninayowaeleza yametokea mtaani kwetu, sijaongeza chumvi.

Hapa mtaa wa Barani, Malindi, tuna jirani, Mama Njoki, Mkristo kutoka bara. Mamangu ndiye aliyemfunza mbaazi za nazi. Kila Ramadhani watu humsongamania kwa mahamri ya futari.

Wiki hii voice note ikaingia kwenye group la vijana wa mtaa. Mwanamume anaapa, wallahi, amemwona "yule mama wa bara" akikaangia mafuta ya nguruwe.

Binamu yangu Swaleh akaiforward papo hapo. Nikamuuliza amejuaje ni kweli.

"Sikiza lafudhi! Mtu wetu huyo. Tena ameapa na saumu yake."

"Anaitwa nani?"

"Lo! Msomi, hata sauti waidai kitambulisho?"

Group zima likacheka. Nina digrii na sina kazi, utani huo nimeuzoea.

Lakini hebu fikirieni. Ingekuwa lafudhi ya bara, tungeichambua mpaka basi. Hii ilitamka kama sisi, tukaipokea kama ndugu.

Jioni ile mahamri yakapoa kwenye sinia. Mama Njoki akaniuliza, "Mwanangu, kuna msiba mtaani sijaambiwa?"



Ukweli naujua. Yeye na mamangu hununua mtungi mmoja wa mafuta, wakagawana jikoni kwetu. Ila mamangu hupikia watu maulidi na harusi. Nikiutaja mtungi huo, si watasema hata vyungu vyetu ni haramu?

Nikawaza hadi kichwa kikauma, mwisho nikamweleza mamangu mwenyewe.

"Nitaje," akasema. "Tena kwa jina kamili."

Leo mchana nimerekodi sauti yangu: jina langu, jina lake, na ule mtungi. Swaleh ameisikiliza, hajaiforward. Mteja mmoja ameshampigia mamangu "kuahirisha" maulidi.

Nilichojifunza: kiapo cha mtu asiye na jina si ushahidi, hata akiongea kama mamako. Nyinyi sauti kama hizi mnazipimaje? Semeni, hata mkiniona mjinga.

Haya naandika nikiwa kwenye benchi la Mama Njoki. Watu wanapita, wanatazama pembeni. Hapa tuko mimi na mamangu tu.

Adhana hiyo imelia. Tunafungua kwa mahamri yake.