Kigae cha Kaburini

Greda linapochonga barabara hapa Ruangwa, harufu ya dizeli na udongo mbichi hunirudisha Nachingwea, kwenye nyumba ya Mzungu aliyesimamia matrekta ya kung'oa msitu ili zilimwe karanga.

Mama alimfulia nguo. Mezani kwake kulikuwa na kigae cha chungu, kimelazwa juu ya kitambaa cheupe. "Nilikichimba kwenye mji wa kale wa Wagiriki," aliniambia. "Usikiguse."

Niliona wivu. Nikaenda mahameni, kijiji chetu cha zamani walikozikwa wazee, nikachukua kigae ambacho bibi alikuwa akiwekea unga wa tambiko juu ya kaburi la mama yake, alama pekee ya kaburi hilo. Nikampelekea Mzungu. Alikigeuzageuza, kisha akakung'utia majivu ya sigara ndani yake.

Matrekta yalipofika mahameni yaliyakwepa makaburi yenye alama tu, kama tulivyoahidiwa. Bibi alizungukazunguka juu ya udongo uliofumuliwa, unga mkononi.

"Mjukuu wangu, macho yangu hayaoni vizuri. Ni hapa?"

"Ni hapa, bibi."

Akapiga magoti, akaanza kumsalimu mama yake.